Dresa Mwenye Vidole Kumi na Kimoja

Katikati ya juma Sadala Mdoe alikuwa dresa wa zahanati huko Handeni, akifunga vidonda na kuchanja watu. Jumamosi alidandia lori hadi Korogwe, akavaa koti jeusi na kupanda jukwaani kufanya mazingaombwe aliyofundishwa na Ratilal, muuza vitambaa. Ukumbi ulikuwa haukaliki kwa shangwe!

Mwaka 1947 ndui iliingia kijiji cha Kang'ata. Sadala akatumwa na sanduku la dawa, akakuta kijiji kimehama. Watu wamekimbilia porini kuogopa sindano. Kesho yake wanawake watatu walipokuja kisimani, akatoa kitambaa chekundu, akakisokomeza ngumini, akafungua. Hakuna kitu! Wakapiga yowe, wakaangua kicheko. Habari zikafika porini, na kufumba na kufumbua kijiji kizima kikamzunguka, naye akakichomoa kitambaa sikioni mwa jumbe wa kijiji, akakipoteza tena. Vigelegele juu ya vigelegele!

"Haya, sasa tuchanje," akasema, akafungua sanduku.

Bibi Hamisa, mkunga wa kijiji, akasimama. "Mwanangu, anayepoteza kitambaa atashindwa kupoteza roho ya mtu? Huu ni uchawi. Hatuchanjwi."

Watu wakaanza kurudi nyuma. Ratilal alikuwa amemwapisha Sadala asimfunulie mtu yeyote siri ya mchezo. Lakini kule kisimani alikuwa ameona mtoto mgongoni mwa mama yake, uso umejaa malengelenge. Akashika kidole gumba chake, akakichomoa.

Watu wakaruka! Kumbe kilikuwa cha bandia, kimechongwa kwa pembe na kuvikwa juu ya kidole chake halisi. Ndani yake kitambaa kimejikunja.

"Shikamoo, bibi. Njoo ujaribu mwenyewe."

Bibi Hamisa akakivaa. Mara ya kwanza kitambaa kikaning'inia nje, watu wakacheka hadi machozi. Mara ya tatu kikapotea! Bibi akarukaruka kama mwari. "Mmeona? Mmeniona?" Kisha akafunua bega. "Chanja. Aliyenionyesha siri yake hana la kunificha."

Sadala alichanja hadi vidole vikafa ganzi, na baada ya majuma machache ndui ikakatika Kang'ata.

Jumamosi iliyofuata, huko Korogwe, akakiri kwa Ratilal kila kitu, akingoja kufukuzwa jukwaani. Ratilal akapiga meza kwa kicheko.

"Basi mchezo huo umekufa, bwana dresa! Kesho nitakufundisha wa yai."

"Kesho?" Sadala alikwishafika mlangoni. "Nakwenda kununua mayai sasa hivi!"