Mawe ya Bibi

Mama yangu hakumwamini mtu, na mimi nimemrithi hivyo hivyo, sioni aibu. Ukimsalimia kwa uchangamfu kidogo tu, alianza kujiuliza unataka nini.

Tuliishi kwenye shamba la zamani la pamba, ufukweni, nje kidogo ya Mwanza. Nyumba kubwa aliijenga Mjerumani, akaja Mhindi akaongeza ghala, kisha ushirika ukachukua vyote. Baba alikuwa mlinzi wa ghala. Ushirika ulipokufa tukabaki kwenye vibanda vya nyuma, hatuna pa kwenda. Bibi, mama yake baba, alizikwa hapo hapo, chini ya rundo la mawe kando ya njia ya ziwani. Kila asubuhi mama akirudi na ndoo alisimama, akayamwagia mawe maji kidogo, akasema, "Shikamoo mama." Ndipo alipoendelea na safari.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinatusogelea, na tulijua zamu yetu inakuja. Hapo ndipo akatokea mwalimu mmoja kutoka Nansio kule kisiwani, kandambili miguuni. Alisema anaandika riwaya ya ile nyumba: enzi ya Mjerumani, ya Mhindi, ya ushirika, mpaka sisi.

"Mtu mzima na ndevu zake aandike hadithi?" mama alininong'oneza. "Katumwa huyu. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu kaja mwenyeji ahame."

Mwalimu akauliza tumekaa pale tangu lini.

"Tumehamia juzi juzi tu," mama akajibu.

Na yale mawe?

"Ya Mjerumani hayo. Alitaka kujenga zizi."

Baba akainamia ugali wake. Siku zote mwalimu alizokuwa akizunguka pale, mama alipita na ndoo yake kama vile hayaoni mawe. Nilikuwa na umri wa kutosha kuchukia jambo lile, na nililichukia sana.

Mnunuzi alipopatikana, mwenyekiti wa mtaa akatangaza kwamba wenye makaburi ndani ya shamba watapewa viwanja. Wengine wahame. Mama akawa wa kwanza kuonyesha mawe yake. Mwenyekiti akataka shahidi asiyegombea kiwanja, kwa sababu majirani nao walikuwa wameota makaburi ghafla. Mama mwenyewe akasema aitwe yule mwalimu, maana shamba lote alilizunguka.

Kumbe jamaa alikuwa mwandishi kweli. Alikuja na meli ya asubuhi, riwaya yake nusu imeshaandikwa. Alipoulizwa habari za mawe alimtazama mama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi.

"Shikamoo mama," akasema. "Niseme lipi? Uliloniambia siku ile, au hili la leo?"

Mama alichukua ndoo, akaenda kwenye mawe, akayamwagia maji mbele ya watu wote. "Shikamoo mama," akasema.

Watu wakacheka. Nikamgeukia baba, maana aliyelala pale ni mama yake mzazi. Alikuwa ameinama, vile vile kama siku ya ugali.

"Mama, usituigizie," mwenyekiti akasema. "Inatosha."

Tulihamia Mabatini wiki hiyo hiyo. Tingatinga lilianzia kwenye mawe.