Kontena Langu Kwenye Flashi

Bosi wetu alisema programu yangu ya kupokelea dagaa haitafanya kazi Kamanga, kwa sababu ghala la kule halina intaneti. "Dada, punguza ubishi," aliniambia mbele ya wenzangu. Sikupunguza hata kidogo.

Makontena nilijifunza mwenyewe, nyumbani Buswelu, kwa bando la simu. Unafungasha programu na kila inachohitaji kwenye kifurushi kimoja, ndiyo kontena, kisha unaipeleka kwenye kompyuta nyingine. Nikaliweka kontena langu kwenye flashi, nikapanda kivuko kwenda Kamanga.

Ghalani likagoma. Kontena haliendi bila injini, yaani programu ya kuliendesha, na kompyuta ile haikuwa nayo. Yangu ya nyumbani ilikuwa nayo siku zote, ndiyo maana sikuwahi kuiwaza.

Bosi alicheka ofisi nzima ikamsikia. Acha acheke. Kesho yake nilivuka tena, injini ikiwa kwenye flashi ileile. Nikaisakinisha, nikaiwasha kwanza, halafu kontena, na mzigo wa kwanza wa dagaa ukaingia kwenye programu. Nikampigia.

"Mtandao umeutoa wapi?" akauliza.

"Mtandao hakuna, bosi. Ubishi upo."