Mkanda wa Mbeleko

Sijui kama nawe umewahi kunusa oili ya gia iliyochanganyika na mafuta ya nyonyo. Nadhani hujawahi, maana harufu hiyo haipatikani dukani wala jikoni. Mimi niliinusa nikiwa mtoto, kisha nikaikuta tena juzi, nyuma ya nyumba yetu ya Mshangano, fundi alipofungua gia ya pikapu ya marehemu baba yangu. Alitoa humo kipande cha ngozi, cheusi, kimeviringishwa duara, akanionyesha kiganjani. "Dada, hiki kidude nitupe?" Nilikipokea kwa mikono miwili, nikaanza kulia palepale. Kijana wa watu akaniapia kwamba hakuharibu kitu.

Pikapu ile Baba aliinunua ikiwa imeshazeeka, akaitumia kusomba mahindi ya watu kutoka Maposeni. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa wake ulikuwa gia. Bushi, kile kipete kinachoshika kitako cha mkono wa gia, ilikuwa imelika, basi mkono ukawa unacheza ovyo huku na huku. Baba akitafuta gia ya pili anapata ya nne, na akitafuta ya kurudi nyuma sote tulinyamaza ili tusimharibie. Bushi mpya haikupatikana Songea nzima. Bibi, yaani mama yake mzazi Baba, kila akipanda hakukosa neno. "Mwanangu, unaendesha gari au unasonga ugali?" Baba alicheka, akaendelea kusonga.

Bibi ndiye aliyenilea. Nililala chumbani kwake, akiniita mke mwenzangu, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa blanketi. Chini ya kitanda alikuwa na sanduku la bati, na humo alitunza mbeleko ya ngozi ya mbuzi, ya zamani sana. Kila kiangazi aliitoa, akaipaka mafuta ya nyonyo, akaikanda kivulini mpaka ikalainika, kisha akaikunja na kuirudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kwa akili zangu za kitoto niliona anahangaika bure, maana khanga za kubebea watoto zilikuwa tele nyumbani.

Habari zake alinisimulia kidogokidogo, tukiwa tunachambua maharage. Baba yake alikamatwa na Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji, akanyongwa mjini Songea pamoja na wenzake, wakafukiwa katika shimo moja. Mama yake alikuwa mjamzito. Alikimbilia porini, akajifungua huko, na kwa kuwa Mjerumani alikuwa amechoma maghala na mashamba, aliishi kwa kuchimba mizizi, akihama pori hadi pori na Bibi mgongoni, ndani ya mbeleko ile. Mwishowe alitulia Mpitimbi, akazeeka huko na kufia huko. Mjini hakukanyaga tena. Alipokuwa anakaribia kukata roho alimwomba Bibi jambo moja tu, ampeleke kwa mumewe.

Bibi aliahidi, lakini miaka ikapita. Hakuweza. Tulipopita karibu na kaburi lile la pamoja, aligeuza uso upande wa pili na kuanza kuniuliza habari za shule, yeye ambaye siku nyingine shule yangu haikumshughulisha kabisa. Halafu mwaka mmoja macho yake yakaingia ukungu. Asubuhi moja, akiwa anapapasa kikombe chake cha chai, alimwambia Baba, "Nipeleke Mpitimbi nikachukue udongo wa kaburi la mama. Nataka nimfikishe ningali naona." Baba aliweka kikombe chini. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya, na mvua zikishika, njia ya Mpitimbi ilikuwa haipitiki mpaka kiangazi kingine.

Siku ya safari Baba aliamka kushughulikia gia. Alifungua kifuniko, akaingiza kidole akitikisa kichwa, kisha akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kuziba nafasi ile. Macho yake yakatua miguuni kwangu. Nilikuwa na ndala mpya za bluu, na ninyi mliokulia kwetu mnajua ndala mpya ilikuwa na heshima gani. Nilirudi nyuma, lakini wapi. Alikata kisigino cha ndala moja, akakitoboa katikati, akakivisha kwenye mkono wa gia na kukaza. Gia ikatulia. Nilisafiri na ndala moja na nusu, nimenuna, Bibi akinibembeleza kwamba bila mke mwenzake leo tungebaki nyumbani.

Mpitimbi tulifika salama. Bibi alipiga magoti kwenye kaburi la mama yake, akaongea Kingoni kwa sauti ya chini, upesi upesi, nami nikaambulia neno hapa na pale. Alichota udongo kwa mkono wake mwenyewe, akauweka katika ile mbeleko, akaifunga kwa mkanda wake na kuipakata. Alipokuwa anarudi kwenye gari alionekana mwepesi kuliko nilivyomzoea. Nilifurahi mpaka nikasahau ndala.

Furaha haikufika mbali. Kwenye mlima wa kwanza mkono wa gia ulilegea, ukalala kabisa, na gari likazimika. Baba alifungua kifuniko, akakuta ndala yangu imelainika kwa joto na oili, imesagika na kuwa uji wa bluu. Alijaribu kitambaa, kikatafunwa. Alijaribu ganda la mgomba, nalo likatafunwa. Jasho lilimtiririka, na nyuma yetu radi ilikuwa imeanza kunguruma.

"Labda mama hataki," Bibi alisema. Alikuwa amekaa kando ya njia, mzigo wake mapajani. "Mji ulimtisha siku zake zote. Hatujafika mbali, mwanangu, tumrudishe kwake kwa miguu."

"Tukimrudisha leo, mama, utakuja tena lini?" Baba akauliza.

Hata mimi niliyekuwa mdogo nilijua kwamba hatakuja. Nilimwona Bibi anavyotazama ule udongo kwa macho yake ya ukungu, nikatamani kumpa ile ndala nyingine.

Kisha akaniita. "Mke mwenzangu, kinga gauni." Alifungua mbeleko, akanimwagia udongo wote kwenye pindo la gauni langu, nikaushika kwa vidole vyote huku nikiogopa hata kupumua. Mbeleko tupu akampa Baba.

"Kata."

"Mama, hii hapana. Kitu chochote, lakini si hii."

"Kata hapa kwenye mkanda, ngozi yake nene. Hapa ndipo uzito wangu wote ulipokaa, na mkanda haukukatika."

Baba alishika kisu, lakini hakukata upesi. Nilidhani kisu hakina makali. Bibi alijifanya kutazama mawingu. Kilipokatika kipande, Baba alikichovya kwenye oili, akakiviringisha kuzunguka kitako cha mkono wa gia, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote. Harufu ile ya nyonyo na oili ikajaa garini. Alijaribu gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikaingia mahali pake bila kelele.

"Sasa ndiyo unaendesha," Bibi akasema, na Baba akacheka na kufuta macho kwa mkono wenye oili, akabaki na mstari mweusi usoni mpaka jioni.

Nilikaa katikati yao na udongo wa mama yake Bibi kwenye gauni langu. Kila Baba alipobadilisha gia nilihisi goti la Bibi likigusa langu, na njia nzima mkono wake ulikuwa juu ya pindo lile kunisaidia kushika. Tulipofika kwenye lile kaburi la pamoja mvua ilikuwa inaanza kudondoka. Safari hii Bibi hakugeuza uso. Aliuchota udongo kutoka kwangu, akaumwaga taratibu mpaka gauni likabaki na vumbi tu.

"Shikamoo, baba," alisema, naye alikuwa mzee mwenye mvi kichwa kizima. "Nimekuletea mama." Alisimama kidogo, mvua ikimlowesha, akaongeza, "Na mimi ndiye yule wa kwenye ngozi."

Niliona ni namna ya ajabu ya kujitambulisha. Kwa nini asiseme jina lake? Lakini nilikuwa nimelowa, nasikia njaa, na mguu mmoja ulikuwa unakanyaga matope. Sikuuliza.

Bibi alipofariki tulimzika na mbeleko ile, mkanda wake ukiwa mfupi upande mmoja. Baada ya watu kutawanyika Baba aliniita tukakae kwenye pikapu, mahali alipopenda kusemea mambo mazito, ndipo akaniambia. Mbuzi wa ngozi ile alichinjwa na babu yake, yaani huyo baba yake Bibi aliyenyongwa. Mke wake alipopata mimba, aliiwamba ngozi mwenyewe, akaikwangua, akaikanda kwa mikono yake na kushona mikanda, ili mtoto akija akute mahali pa kubebwa. Alikamatwa kabla mtoto hajazaliwa. Kitu pekee alichowahi kumfanyia mwanawe kilikuwa kile, na Baba alikijua vizuri siku ile alipokishikia kisu.

Fundi ameweka bushi mpya, gia imetulia. Kile kipande nimekiweka kwenye meza ninapoandikia. Bado kinanuka, na kila nikikinusa namwona Bibi kando ya njia akijifanya kutazama mawingu. Miaka mingi nilidhani alitoa mbeleko ya mama yake ili gari la mwanawe litembee, nikamsifu kwa moyo huo. Kumbe alimwendea baba yake, ambaye hakupata kumbeba hata mara moja. Na siku ile, kwa kipande hiki, kutoka mlima wa Mpitimbi mpaka kaburini kwake, baba yake alimbeba.