Lori Lililopoteza Maji Bila Kudondosha Tone

Nyinyi vijana mnaoshika spana siku hizi, na nyinyi msiotaka kuzishika lakini mna magari, yasomeni haya polepole. Mie shule niliishia darasa la nne. Ninachokijua nimekijua kwa mikono, na sikuandika ili mnisifu.

Siku ya kwanza niliingia karakana ya malori ya mjini nimevaa suruali ya kaka yangu ndani ya kanga. Mkubwa wetu tulimwita Fundi Mkuu, jina lake hakuna aliyelitumia. Hakuniuliza najua nini. Jioni wanaume walipita getini na vikapu vyao, mie akanisimamisha.

"Bi Zuwena, fungua kikapu."

Nikafungua. Mlikuwa na chupa ya chai na kitambaa. Akapekua mpaka chini, akaniruhusu. Alinifanyia hivyo muda mrefu. Nilimtazama tu, kama yeye alivyokuwa akinitazama.

Nilianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, nikapanda kwenye breki, kisha injini. Wakanipeleka kituo cha Mangapwani kwenye matrekta, chini ya msimamizi mmoja mkali aliyesema gari ni kama shahidi muongo, usiliulize mara moja tu. Hilo nililishika. Niliporudishwa mjini nilikuwa fundi wa injini kamili, na Fundi Mkuu alikuwa bado yuleyule, mvi tu zimeongezeka.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la Makame.

Makame alikuwa dereva, mtu wa Chwaka, mpole, wa maneno machache. Lori lake lilikuwa kuukuu, la kubebea magunia ya mwani. Likaanza kuchemsha njiani. Kila likirudi maji ya rejeta yamepungua, na chini ya lori hakuna tone. Makame anasema alijaza maji asubuhi. Fundi Mkuu anasema muongo, hajazi, anapanda tu na kuondoka. Akatangaza kwamba Ijumaa Makame anakabidhi ufunguo. Nyinyi hamjui maana yake. Dereva aliyeondolewa kwa kuunguza injini, mji huu hapewi lori tena na mtu yeyote. Na kwao Chwaka mama yake na watoto walikuwa wakimtegemea yeye.

Mie sikumwamini Makame. Kwa nini nimwamini? Watu wapole ndio wanaodanganya vizuri. Lakini na Fundi Mkuu sikumwamini, maana alikuwa na haraka, na mwenye haraka ya kumtaja mtu nami humtazama mara mbili.

Basi asubuhi nikajaza rejeta mwenyewe mpaka mdomoni. Nikachukua uzi mweusi wa cherehani, nikaufunga kati ya mfuniko na shingo ya rejeta, kwa fundo langu la kushonea. Akiufungua huo, kuurudisha vile hawezi. Makame akanitazama.

"Bi Zuwena, na weye unanifunga?"

"Nnalifunga lori. Nenda zako."

Alirudi alasiri. Fundo lipo vilevile. Nikangoja rejeta ipoe, nikakata uzi, nikachungulia, maji yameshuka sana. Kwa hiyo hakusema uongo, angalau hapo. Nikachomoa kijiti cha oili, oili safi, haijawa kama maziwa, maana yake maji hayaingii ndani. Moshi nao haukuwa mweupe. Fundi Mkuu akasema tufungue silinda hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya injini. Nikamwambia tungoje mpaka kesho injini ipoe. Hakupenda. Nikajaza tena maji, lori likalala.

Asubuhi, kabla mtu hajagusa ufunguo, nikapitisha mkono nyuma ya manifoldi. Manifoldi ni lile bomba lenye matawi linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, na hushikwa na stadi, vyuma vyenye hesi, ile mistari ya kuzungushia nati, pande zote mbili, upande mmoja ndani ya injini, mwingine unafungwa nati. Kwenye stadi mbili za mwisho vidole vyangu vililowa. Pembeni yake palikuwa na ukoko mweupe, nikauonja, chumvi. Maji ya visima vya pwani hayo, ndiyo madereva wote wa Chwaka wanayotia.

Hapo nikaelewa. Injini ikiwa baridi maji yanatoka polepole kwenye hesi. Ikipata moto, yanakauka papo hapo juu ya chuma, yanakwenda na upepo wa njiani. Tone litafika chini saa ngapi?

Nikamwaga maji ya rejeta kwanza, kisha nikalegeza nati kwa mafuta, nikaitoa manifoldi. Kila stadi nikaifunga nati mbili zikazane, nikaizungusha kwa ile ya ndani mpaka ikatoka. Stadi ilikuwa imepakwa grisi tu, na grisi haizuii maji. Lori lile matundu mawili ya nyuma ya kuingizia stadi yametobolewa mpaka kwenye njia ya maji, hayafanani na mengine. Lazima hesi isuguliwe kwa brashi ya waya, ikauke, ipakwe gundi ya kuzuia maji ndipo ifungwe.

Nikamwita Fundi Mkuu, nikamwekea stadi mkononi, na grisi yake.

"Nani kazifunga hizi?" nikauliza.

Alizigeuza. Mafundi wote walikuwa wamesimama.

"Mimi," akasema.

Nikafunga stadi mpya na gasketi mpya, ile ya kuziba katikati ya manifoldi na injini, nati nikizikaza kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni, gundi nikaiacha ikauke mpaka siku ya pili ndipo nikatia maji. Fundi Mkuu alikwenda mwenyewe getini, akamrudishia Makame ufunguo mbele ya watu. Mpaka leo najiuliza kama kweli alikuwa hajui, au alikumbuka grisi yake tangu lori lilipochemsha mara ya kwanza. Sikumuuliza. Hata angejibu, nisingeamini.

Sasa nimestaafu, nakaa Chukwani kwa mwanangu. Watu humu wanasema bibi hamwamini mtu. Ni kweli. Juzi herini za mkwe wangu hazikuonekana, na kabla ya adhuhuri nyumba nzima ilishamtaja Mwanajuma, msichana anayetusaidia kazi. Nikamkuta jikoni, mfuko wake umeshafungwa, analia bila sauti.

Nikawaita wote ukumbini. Nikamwambia Mwanajuma, sijasema hukuchukua. Kisha nikamgeukia mkwe wangu na wengine.

"Hakuna anayetoka. Vueni mashuka, sogezeni makabati, kila mtu aanze na chumba chake, na mie nitasimama mlangoni. Mwanajuma, fungua mfuko wako urudishe nguo zako pahala pake, halafu pakua chakula. Leo unakaa karibu yangu."