Mafuta Meupe

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana mpumbavu mwenye kofia nyeupe. Nilikuwa mpishi wa pili katika hoteli moja ya Wazungu kando ya ziwa, hapa Gisenyi, na kichwa kilinivimba. Kupika hakukunitosha, nikaanza kuandika. Vijana wa mtaa wetu wa Waislamu waliokwenda kusoma Bukavu walijipikia wenyewe kwenye babula, jiko la makaa, wakila viazi vilivyoungua nje na vibichi katikati. Basi nikawaandikia kitabu: kaye moja, daftari la shule, Kiswahili chepesi, mapishi ishirini. Wakakinakili, wakapeana. Waliniita profesa wa sufuria, nami bila haya niliitika.

Mama alinilea peke yake kwa kuuza mandazi. Kazi yangu aliikubali kwa sharti moja: nguruwe niliyemgusa kule asivuke ua wake. Kila jioni nilioga na kubadili shati nyuma ya nyumba kabla ya kumsalimia. Baada ya hapo alikula chochote nilichompikia bila kuuliza, na nakuapia, hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko ile kofia.

Sasa, kosa lenyewe. Mtaani kwetu ukisema mafuta meupe, kila mtu anajua ni ya ng'ombe. Kule hotelini mafuta meupe ni ya nguruwe, na jina ni hilohilo. Mimi niliandika: kaanga viazi katika mafuta meupe. Nikafunua ukurasa mwingine, nikaendelea na maharagi.

Likizo ilipofika, mtoto wa jirani, mmoja wa wanafunzi wale, alikuja kumwonyesha mama kwamba anajua kupika. Alileta viazi vya Mudende na kopo kubwa la mafuta aliyonunua Bukavu kwa muuza nyama wa Wazungu, kwa kuomba kama nilivyoandika: mafuta meupe. Niliporudi kutoka kazini, harufu ilinipokea mlangoni. Nilikuwa nashinda nayo kutwa, nisingeikosea. Mama alikuwa anatafuna, anacheka, anasema kitabu changu kina baraka. Yule kijana masikini hakujua kitu. Nikakaa kimya.

Nilijiambia kesho nitalimwaga lile kopo. Kesho yake nikakuta mama amelifungia kabatini, analitunzia Ramadhani, maana zawadi nzuri hailiwi ovyo. Kesho ikazaa kesho. Mwezi ukaandama. Siku tatu mfululizo nilikaa naye mkekani, nikamtazama akifungua saumu kwa viazi vya mafuta yale, bismillahi yake ikisikika mpaka kwa jirani. Mimi nilisingizia tumbo. Siku ya nne nilimshika mkono juu ya sahani, nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Laiti angenichapa! Alinawa mikono, akasukutua mara nyingi, akakaa.

"Mi sikujua," akasema polepole. "Mungu atanisamehe. We ulijua, na uliniangalia nikikula."

Wanasema mdomo huponza kichwa. Mimi kimya ndicho kilichoniponza. Lile neno nililisahihisha: niliandika barua Bukavu, vijana wakalifuta kwenye kaye zao, wakanitania kidogo, yakaisha. Kwa mama hapakuwa na kufuta. Aliendelea kunifulia mashati na kuniombea dua, tena kwa jina langu. Lakini tangu jioni ile, kila sahani niliyomwekea aliiulizia kwanza. "Uliweka nini ndani?" Nami nilitaja kitu kimoja kimoja, mpaka chumvi.

Majuto yangu si yale mafuta. Ni zile siku nilizokuwa na nafasi ya kufungua mdomo, zikapita.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilimpikia supu. Mkono wake haukuweza tena kushika kijiko, nikamlisha mimi. Kijiko kilipofika, alifunga midomo.

"Uliweka nini?"

"Viazi, mama. Karoti. Chumvi kidogo."

Akanitazama usoni, muda mrefu. Halafu akafungua kinywa.