Mashine Ambayo Hatukuizima

Fundi wa redio wa mtaa wa Nyakabiga, yule niliyewahi kumzungumzia hapa mara moja au mbili, hatunaye tena. Alifariki hospitalini Jumanne ya juma lililopita, asubuhi, mimi nikiwa nimekaa kando ya kitanda nikimenya chungwa ambalo hakulila. Alikuja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi iliyopita pamoja na mdogo wake wa kike, mshonaji, ambaye hasikii tangu utotoni. Sikuwa ndugu yao. Mimi ni mtu wa kupita, kwao kama kwa watu wengine. Siku moja niliingia kwake kuuliza kwa nini redio hukoroma mvua ikikaribia, nikaendelea kupita hapo miaka sita. Nilimwita Yaya, kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao. Yeye aliniita Mutembezi.

Juu ya kabati la chumba chake cha kazi palikuwa na kompyuta kuukuu iliyopasuka kioo. Ndani yake alikuwa ameweka seva ndogo ya mazungumzo. Jirani yeyote wa vichochoro vile vitatu mwenye simu aliweza kuingia na kuandika, hata akiwa hana mega za intaneti, kwa sababu maneno hayakutoka nje ya mtaa. Yalipita kwenye kijisanduku cha wifi kilichofungwa dirishani. Aliitengeneza kwa ajili ya mdogo wake. Wateja walimwandikia kwamba gauni limebana au sare inahitajika Jumatatu, simu ikatetemeka mfukoni mwake, akajibu bila kuacha cherehani. Baadaye mtaa mzima ukahamia humo. Watu wakazoea, na taratibu tukaacha kwenda mlangoni kwake kumgusa bega.

Umeme wa Buja, mjini kwetu, mnaujua. Kila ulipokatika kompyuta ilizimika, na uliporudi kompyuta iliwaka lakini seva ilibaki imelala mpaka Yaya apande kwenye kigoda, achomeke kibodi, aandike amri zake, kisha achukue simu na kuwaandikia wote neno moja: "Tuko." Wa kwanza kujibu alikuwa mdogo wake, kila mara. Lakini miguu ya Yaya ilianza kuvimba, na kigoda kile kikawa kirefu kuliko nguvu zake.

"Mutembezi," aliniambia, "siku nikiingia hopitali, nani atapanda hapa? Huyu mutoto wa mama yangu atabaki bila habari."

"Tutaifanya ijiamshe yenyewe, Yaya. Courant ikirudi tu, nayo inaamuka."

Shule niliiacha mapema, lakini karatasi yenye maelezo siwezi kuipita bila kuisoma. Mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Mutanga Nord alinichapishia ukurasa wa Kifaransa unaoeleza jambo hilohilo. Tukaandika faili fupi ya kuiambia kompyuta seva iko wapi na iamshwe vipi. Nikaandika amri ya kuianzisha, ikaanza. Mdogo wake alikuwa amekaa mlangoni akipinda ukosi wa shati. Simu yake ikatetemeka, kama ilivyofanya kila seva ilipoamka, akatuinulia kidole gumba.

"Ile karatasi umeisoma yote," Yaya akauliza, "ama umeisoma nusu, kama masomo yako?"

"Yaya, si unaona inatembea?"

"Naona. Basi tuizime kwanza, tuiwashe, tuone."

"Mutu azime mashini na courant iko? Apana. Courant itaenda tu, itatupimia yenyewe."

Alicheka mpaka akashika kifua. "Ni kweli. Mu Buja, kuzima kitu chenye kinawaka ni kama kumwanga ugali."

Hatukuizima. Na umeme, kwa ukaidi wake, ukakaa siku tatu bila kukatika hata mara moja. Siku ya nne Yaya akalazwa. Alipokuwa akitoka nyumbani aliitazama kompyuta pale juu, akanitazama mimi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Siku aliyofariki, umeme ulikuwa umekatika alfajiri, mara ya kwanza tangu tuandike ile faili, na kurudi kabla ya saa mbili. Mimi nilikuwa hospitalini, sikujua. Nilimpigia simu jirani yake, mama anayeuza makaa, nikamwambia yaliyotokea, nikaongeza, "Mama, mwambie mudogo wake."

"Ninamuandikia sasa hivi," akasema, akilia.

Aliandika, akafunga simu kwenye pembe ya kitenge, akaenda kuondoa vitu sebuleni kwa Yaya ili watu wapate pa kukaa. Wengine nao waliandika, au walidhani mwenzao ameshaandika. Hakuna neno hata moja lililofika, maana seva ilikuwa imelala.

Mdogo wake alikuwa kwenye cherehani. Aliona viti vya plastiki vikipita, vimebebwa kichwani, kisha turubai. Alinieleza baadaye, kwa kuandika kwenye simu, kwamba alidhani ni harusi, akafurahi kwa sababu watu wa harusi hushonesha nguo. Akatoka kuangalia viti vinaelekea wapi. Akavifuata mpaka vikapinda kwenye lango la kaka yake. Watu wote pale walikuwa wameshalia. Yeye aliingia akitabasamu.

Sina haraka ya kuliacha jambo hili, mnisamehe. Nimeishi kwa kupita. Nimefunga mabomba Mutakura, nimetengeneza majenereta ng'ambo ya mpaka, nimeezeka nyumba za watu ambao sura zao nimezisahau. Kila mahali nilisubiri kitu kifanye kazi mbele ya macho yangu, nikapokea asante, nikaondoka. Sijui vingapi vilisimama siku iliyofuata. Na sidhani niko peke yangu. Mji huu umetufundisha kutogusa kinachowaka, na tunawatendea watu hivyohivyo: mgonjwa akisema yuko sawa hatuulizi mara ya pili. Tulikuwa na mtu mmoja aliyepanda kigoda kwa ajili yetu sote, tukaona mtaa umepangika vizuri, kumbe tulikuwa tumejipunguzia tu hatua chache za kwenda mlangoni kwa mwenzetu.

Siku ya mwisho ya matanga, viti vikiwa vinarudishwa, mdogo wake alinivuta mkono mpaka chumba cha kazi, akanionyesha kigoda. Nikapanda. Ile karatasi ilikuwa bado imebanwa chini ya kompyuta. Chini kidogo ya pale nilipoacha kusoma palikuwa na aya moja: amri niliyoiandika huianzisha seva kwa wakati huo tu, na iko nyingine ya kuiingiza kwenye orodha ya vitu vinavyoamshwa kila kompyuta inapowaka. Zinatofautiana kwa neno moja. Nikaiandika. Kisha mkono ukanigandia juu ya kitufe cha kuzima, kwa sababu umeme ulikuwepo.

Aliona. Akainama, akachomoa waya ukutani yeye mwenyewe.

Tukakaa kidogo, akachomeka. Kompyuta ikawaka taratibu. Sikugusa kibodi. Simu ikatetemeka mkononi mwake, akaitazama muda mrefu, akisubiri neno ambalo kwa kawaida hutangulia. Halikuja. Mwishowe akaliandika mwenyewe: "Tuko." Nami nikabaki na simu yangu bila kujua cha kuandika, maana wa kwanza kujibu siku zote alikuwa yeye.

Tangu siku hiyo, kazi ninayoimaliza kwa mtu naizima kwanza, mbele yake, umeme ukiwepo, kisha nakaa hapo mpaka iamke. Na habari ya msiba naipeleka kwa miguu.