Waya Nne za Mjomba

Juzi nilishuka kijijini Swima, kando ya ziwa, kwa pikipiki, gita ya mjomba imefungwa kwa kitenge mgongoni mwangu. Mama mmoja, jirani yetu wa zamani, alikuwa amenitumia neno: siku atakapokufa, aliliwe kwa gita ile, kwa wimbo ule ule wa misiba ya utoto wetu. Gita ninayo. Wimbo ninaujua. Kilichonipungukia ni namna mjomba alivyopanga sauti za nyuzi, na ndicho nilichokwenda kumwuliza mama yule kabla hajaondoka.

Nikueleze, rafiki yangu. Mjomba alikuwa fundi wa baiskeli, na gita aliipiga ikiwa imelala mapajani, kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo. Ilikuwa na nyuzi nne tu, waya za breki alizozifumua mwenyewe, zimeinuliwa kwa kijiti zisiguse mti wa gita. Hakuzikandamiza kwa vidole. Alitelezesha juu yake kipande cha chuma laini kilichotoka kwenye mota ya boti, na sauti ikapanda na kushuka kama mtu anayeita kutoka ziwani. Kisha ulikuja mvuto wake: chuma kimetulia mahali pamoja, kidole kinavuta waya moja nyuma ya chuma, na sauti ya waya ile peke yake inapanda kidogo, inatetemeka, inarudi. Msibani, hata waliojikaza walishindwa hapo.

Mvuto huo niliupenda kuliko chakula. Kabla sijaota ndevu niliuweza, hata wapita njia walidhani ni mjomba. Ujuzi wote, nilijiambia, uko mkononi.

Lakini mjomba alikuwa na mipango tofauti ya nyuzi: wa harusi, wa kanisani, wa msiba. Akimaliza kupiga alilegeza zote. "Waya iko inachoka sawa muntu," alisema. Kwa hiyo kila mara alianza upya, na ule wa msiba aliupangia nyuma ya nyumba ya bibi. Hapo ndipo bibi na majirani zake watatu walipokuwa wakitwanga muhogo na sombe, yale majani yake, michi inapokezana, mawese yanachemka, ndagala, dagaa wa ziwani, zimeanikwa mchangani na sisi watoto tumepewa kazi ya kufukuza kunguru. Mjomba aliketi katikati yao akizungusha vifungo vya nyuzi polepole, anacheka nao.

"Fundi, baiskeli zimeisha?" walimtania. "Leo unatengeneza bamama?"

"Baiskeli inanyamazaka," aliwajibu. "Nyinyi hapana."

Nilidhani anangojea sombe iive. Nikawaacha kunguru wale ndagala, nikakimbilia ziwani kuogelea. Niliporudi nyuzi zilikuwa tayari, nami nikanyoosha mikono nipewe gita.

"We unapenda kula bugali," mjomba aliniambia, "kusonga haupendi." Akanipa hivyo hivyo.

Baadaye nilisoma sekondari, nikajiona. Likizo moja aliniomba, "Kesho ukae na mi kule nyuma, usikie vile ninapanga." Niliitika. Asubuhi nikaenda mjini Baraka kutazama mpira. Hakukasirika, wala hakuniomba tena, na mimi sikumwomba. Likizo nyingine zilikuja na kupita, yeye yupo, mimi nipo. Lawama ya hilo siwezi kuitupia vita.

Vita vilipofika tulivuka ziwa. Mjomba tulimzika ng'ambo, nikarudi na gita. Tangu hapo nimekaza na kulegeza nyuzi zile kwa miaka mingi. Nimefika karibu na sauti yake mara nyingi, lakini sikuwahi kuigusa yenyewe.

Mama yule nilimkuta kibarazani, amekonda, macho yanacheka bado. Nilipomwuliza kama anakumbuka jinsi mjomba alivyopanga, maana mimi nilimwona akingojea sombe tu, alinitazama kama mtoto aliyepotea njia ya nyumbani.

"Ulikuwa unazani alikuwa anangoya sombe?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anatusikiliza. Waya moja, mama moja. Tulikuwa bamama bane. Mi ni ya pili kutoka juu. Bibi yako ni ile nene."

Nikauliza zile nyingine mbili zilikuwa na sauti gani. Akacheka, akakohoa.

"Bale banalala kwa makaburi, mutoto yangu. Ulikula kwabo, haukusikia vile banaongea?"

Nililaza gita mapajani. Akaimba mstari wake, kwa sauti iliyochakaa lakini bado inakwenda pale inapotaka, nami nikazungusha kifungo mpaka akanyanyua kidole: hapo. Bibi yangu nilijaribu kumtafuta kwenye waya nene. Sura yake niliiona, harufu ya moshi kwenye kitenge chake niliisikia. Sauti haikuja.

Wimbo ule wa msiba wanawake wale wanne waliupokezana, kila mmoja mstari wake. Nikapiga mstari wa mama huyu, nikavuta waya nyuma ya chuma pale sauti yake ilipokuwa ikivunjika, akasema, "Eeh, uyu ni miye." Mstari ukaisha. Mkono wangu ukasimama, nikangoja muda wa ile mistari mitatu ya wenzake, kisha nikarudia wa kwake. Tukaendelea hivyo, mstari na ukimya. Kwenye ukimya yeye alitikisa kichwa taratibu, midomo inafuata maneno, kama mtu anayewasikia wenzake. Mimi sikusikia kitu.